Viatu vya Kushoto

Mtaani kwetu hakuna anayeujua muziki kunishinda mimi. Nasema bila haya. Ni kweli sikio langu la kulia lilikufa zamani, la kushoto siku hizi huchagua la kusikia, na wimbo pekee ninaoufahamu toka mwanzo mpaka mwisho ni ule tuliorukia kamba darasa la pili. Lakini nyumba yangu na ya Msasa zinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na ukuta huo haujawahi kunificha kitu. Kwa hiyo nikieleza habari za bendi ya Kutu na albamu yao mpya, niaminiwe. Nikikosea, ukuta ndio uliokosea.

Msasa ni fundi viatu. Anafanyia kazi barazani kwake, kwenye meza fupi yenye nyundo, gundi na misumari ya kila unene. Nyuma yake kuna gunia la viatu ambavyo wenyewe walivileta, wakasema wanarudi kesho, na kesho yao haijafika. Jina la Msasa alipewa kwa ajili ya koo lake. Ujanani aliimba panki, ule muziki wa gitaa linalolia kama bati linaloburutwa barabarani na maneno ya kuisuta dunia nzima kuanzia kwa mwenye nyumba. Walikuwa watatu: yeye mwimbaji, Waya mpiga gitaa, na Pepopunda mpiga ngoma. Bendi waliiita Kutu, na walisema anayechezea kutu mwisho wake ni pepopunda.

Kutu walikuwa na desturi yao. Siku moja, mwanzoni kabisa, mtu mmoja alichukizwa na kelele zile, akavua kiatu akamtupia Msasa. Msasa akakidaka, akakiimbia kama kipaza sauti mpaka wimbo ukaisha. Basi. Toka siku ile shabiki wa Kutu akipendezwa hapigi makofi, anavua kiatu cha kushoto na kukirusha jukwaani. Cha kushoto tu, ili baadaye watu wasichanganye. Makofi waliwaachia wanasiasa. Onyesho likiisha, watu walichechemea mpaka jukwaani kutafuta vyao, na vilivyochanika Msasa alivishona pale pale, jasho bado linamtoka. Ndivyo alivyojifunza ufundi. Bendi ilipokufa, sindano ikabaki.

Ikalala miaka mingi. Waya akawa fundi umeme na kuvaa kifaa cha kusikilizia. Pepopunda akaingia biashara ya mayai ya jumla, na mikono iliyokuwa ikipasua ngoma ikajifunza kushika vitu kama inaomba radhi. Halafu mwaka huu, sijui ni uzee au ni nini, wakakutana msibani, wakatazamana, na kabla chai haijapoa walikuwa wameshakubaliana kurekodi.

Fedha za kurekodia zilikuwa za mabati. Paa la Msasa linavuja chumbani, na mkewe, ambaye ni dobi wa hospitali, alikuwa ameziweka kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wa kukamua mashuka ya wagonjwa. Alipoulizwa hakujivuta. Alisema bati litangoja dukani, koo la mumewe halingoji. Akasogeza kitanda, akaweka ndoo pale kilipokuwa.

Albamu wakaiita Bado Tupo.

*

Walioitarajia Kutu ya zamani walipata kitu kingine. Hapakuwa na nyimbo za kuchoma wala kubomoa. Wimbo wa kwanza ulihusu goti. Wa pili ulihusu mtoto asiyepokea simu. Wa tatu, ulioitwa Foleni, ulikuwa wa mzee aliyekaa hospitali toka alfajiri akingoja jina lake, na lilipoitwa akawa amesinzia. Gitaa lilikuwa lile lile la bati, lakini koo la Msasa lilikuwa limeshuka, likapata nyufa, na kabla ya kiitikio cha Foleni alivuta pumzi ndefu inayosikika wazi. Kijana wa studio alitaka kuifuta. Msasa alimwambia aiache, hiyo ndiyo pumzi aliyo nayo.

Waya ndiye aliyekuja barazani kumsomea Msasa kwenye simu maneno ya mashabiki. Yalikuwa ya adabu tupu. Mmoja aliwapongeza wazee wetu kwa kuthubutu. Mwingine aliandika kwamba amempigia mjukuu wake wimbo wa pili na mtoto amelala vizuri. Mwingine aliwatakia afya njema na kuwakumbusha kupunguza chumvi.

"Hakuna hata mmoja aliyetukana?" Msasa aliuliza.

Waya alitafuta, akapata wawili. Mmoja alisema Kutu imepakwa rangi. Wa pili alisema, nilikuja kuruka mmenikalisha kitako. Msasa akaomba asomewe hao wawili tena.

Matusi ya kweli yalikuja kwa miguu. Mkewe ana kaka, karani mstaafu wa mamlaka ya maji, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikononi. Huyu Karani alipinga ndoa ile toka siku ya posa, kwa hoja kwamba dada yake hawezi kuolewa na kelele. Viatu vyake vya kahawia vinang'aa kiasi cha kuku kujitazama, na hajawahi hata siku moja kumpa shemeji yake avitengeneze. Huvipeleka mjini, kwenye duka lenye kioo na feni. Akipita barazani pa Msasa hunyanyua miguu kama anavuka matope.

Siku hiyo alikataa kiti. Alisema amekuja kumjulia hali dada yake, na hali aliyoikuta ni ndoo katikati ya chumba.

"Shemeji, mabati ya dada yangu umeyaimba," alisema. "Mwanamume mzima, mwenye mvi, anaimba foleni ya hospitali. Nani hajawahi kupanga foleni? Na pale kabla ya kiitikio unavuta pumzi kama mtu anayepandisha gunia ghorofani. Kila mkifika pale moyo unanisimama."

"Kwani umeusikia, kaka?" mkewe Msasa aliuliza.

"Jirani yangu anaupiga. Nitaziba masikio?"

Msasa aliendelea kugonga kisigino. Alisema kuna maonyesho mawili, Jumamosi hii na ijayo, ukumbi wa nyuma ya stesheni, na shemeji anakaribishwa. Karani alicheka kwa pua. Alisema siku atakayokanyaga pale, wamfungie wodi ya wenye akili zilizohama. Akaondoka, miguu juu.

*

Onyesho lilikuwa alasiri, kwa sababu mashabiki wenyewe siku hizi hawaoni vizuri gizani. Madirisha yalizibwa kwa mapazia meusi ili pafanane fanane na zamani. Watu walikuja, tena wengi. Walikuja na miwani, na wake, na mito midogo ya kukalia. Mmoja aliyewahi kuvunja kiti kwa kichwa chake alimuuliza mlinzi kama kuna kiti chenye mkono wa kuegemea.

Msasa aliimba kama mtu anayelipa deni. Wimbo wa kwanza ulipoisha, akasimama, mikono wazi kidogo, tayari kudaka.

Wakapiga makofi.

Makofi mazuri, ya pamoja, kama ya mahafali ya chekechea. Wimbo wa pili, makofi. Kwenye Foleni, mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinama, akaanza kufungua kamba za kiatu chake cha kushoto. Msasa alimwona. Pepopunda alimwona pia, na kwa mara ya kwanza siku ile akazipiga ngoma kana kwamba hazina mayai ndani. Mzee akavua kiatu, akakiinua, akakikung'uta. Kijiwe kikaanguka. Akavaa kiatu chake, akafunga kamba vizuri, akapiga makofi.

Mlangoni mama mmoja alimshika Msasa mkono kwa mikono yake miwili. Alimwambia hongera sana, mmetulia.

*

Wiki ile nyundo haikusikika, na mimi ukuta ukinyamaza huwa silali. Wateja walikuja wakaambiwa kesho. Msasa alikaa mbele ya sahani akiutazama ukuta, upande wangu huu, mpaka nikadhani ameniona. Mkewe alimpikia, akamsemesha, akamgombeza. Mwishowe akamuuliza kwa upole kama makofi ni tusi.

"Tusi lina afadhali," alisema Msasa. "Mtu akikutukana amekusikia. Hawa wamenipigia makofi kama wanavyomsaidia kipofu kuvuka barabara. Nimeimba mambo yangu yote, mke wangu. Goti langu, mtoto wetu, ile foleni tuliyokaa mimi na wewe. Hakuna hata mmoja aliyevua kiatu."

Akasema Jumamosi atapanda kwa sababu ukumbi umeshalipiwa. Wakipiga makofi tena atashuka, atauza vyombo arudishe fedha za mabati, na mtu asimtajie tena neno Kutu.

Asubuhi, Msasa alipokwenda kuchukua gundi, mkewe alivuta lile gunia la viatu vya kesho, akakaa chini, akachambua vya kushoto. Alichagua kwa akili: raba moja, sandali, kiatu cha harusi kilichopauka, buti la mlinzi. Akavificha kwenye mfuko wa mashuka machafu, akaenda navyo kazini. Wenzake wa chumba cha dobi, wanawake wenye mikono ya kukamua mashuka manane kwa pumzi moja, waliambiwa kuna shughuli Jumamosi. Hawakuwa wamesikia panki maishani. Waliuliza maswali mawili: je, ni kweli unaruhusiwa kumrushia mwanamume kiatu mbele za watu, na je, lazima awe wa kwako.

*

Jumamosi mkewe na wenzake wakakaa katikati ya ukumbi, mfuko miguuni. Wimbo wa kwanza ukaisha. Makofi yakaanza, ya adabu, na Msasa akainamisha kichwa. Hapo raba ikapita juu ya vichwa vya watu ikatua kifuani pake.

Aliitazama kama mtu aliyeletewa barua. Kisha akaiokota, akaiweka mdomoni, na koo lile lenye nyufa likatoa sauti ambayo mimi, niliyekaa nyumbani na sikio moja, nasadiki niliisikia. Viatu vikafuata. Wale akina mama walikuwa na shabaha ya kutisha na hawakubagua: Waya alipata sandali ya mgongo, mlinzi alipata lile buti. Wazee wa mito midogo waligeuka kutazama nyuma, wakatazamana. Baadhi wakasimama. Wawili watatu walianza kurukaruka kwa tahadhari, mmoja akimshikia mwenzake miwani.

Ulipofika wimbo wa Foleni mfuko ulikuwa mtupu, na mkewe Msasa alikuwa amekaa, mikono mapajani, akimtazama mumewe. Msasa akafika pale kabla ya kiitikio. Akavuta ile pumzi. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, na katika ukimya ule kiatu kimoja kizito kilitoka huko nyuma kabisa, karibu na mlango, kikampata Pepopunda sikioni kwa mlio kama wa kibao. Pepopunda alitukana mpaka akasahau kwamba ni mzee wa watu. Mkewe Msasa alidhani ni mmoja wa wale akina mama amehamia nyuma.

Onyesho lilipoisha hakuna aliyekuja jukwaani kutafuta chake, na Msasa kwa furaha hakushtuka; aliikusanya mizigo yake yote ya viatu, akarudi nyumbani ameikumbatia. Njia nzima aliimba. Akala, akaomba aongezewe.

*

Jumapili asubuhi alikaa barazani kuvipanga, kwa sababu wenyewe wangekuja kuvichukua. Alishika raba, akaigeuza. Akashika sandali. Akashika kiatu cha harusi na kukileta karibu na macho. Halafu alinyanyuka, akalifungua gunia, akatoa kiatu cha harusi cha kulia, akaviweka pamoja kwenye meza.

Mkewe alikuwa anatoka na maji ya kumwagia maua. Akaiona ile jozi. Akatua kopo chini.

"Mishono yangu," alisema Msasa. "Yote. Nimejitupia viatu vyangu mwenyewe."

Mkewe hakuzunguka. Alisema ndiyo, ni yeye na wenzake wa dobi. Alisema alichoka kumwona anakula na ukuta.

"Bora ungeniacha na makofi. Makofi yalikuwa ya kweli."

"Na mimi je, si wa kweli? Ile raba ya kwanza nimeirusha mimi kwa mkono wangu. Toka ujana wetu nimesimama nyuma ya pazia nakushikia maji na taulo. Hujawahi kuniuliza kama nami nina mguu wa kushoto. Foleni ile nilikuwemo, baba. Wewe ulisinzia, mimi ndiye niliyeitika jina lako."

Msasa aliishika raba muda mrefu, kidole kikipita kwenye mshono. Alipoiweka chini hakuirudisha guniani, aliiweka pembeni, peke yake. Lakini bado alikuwa mnyonge, na mtu mnyonge hutafuta la kushikia. Akachomoa kiatu cha mwisho kutoka kwenye rundo, kikubwa, cha kahawia, soli yake imebandikwa kwa mashine.

"Na hiki ulikiokota wapi? Hiki hakijapita mikononi mwangu."

Mkewe alikichukua, akakigeuza. Alisema hakijui.

"Mke wangu, umeshakiri vyote, kimoja kitakuchoma nini?"

Aliapa. Alisema labda ni cha mmoja wa wenzake. Msasa alimuuliza ni mwenzake yupi wa dobi anayevaa kiatu cha kiume kama mtumbwi. Mkewe akasema huo ndio ukweli, atake asitake, na Msasa akatikisa kichwa kama watu wanavyotikisa kwa mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Uongo wa mkewe Msasa alikuwa ameanza kuusamehe, sasa ukweli wake ndio ulikuwa unamtia hatiani. Mkewe akaingia ndani, macho yamejaa machozi. Msasa akakiweka kile kiatu chini ya meza asikione.

Walikuwa hivyo, mmoja ndani mmoja nje, nami nimeegemea ukuta wangu nikiwahurumia wote wawili, Karani alipotokea kwenye kona.

Kwanza sikumtambua. Alikuwa amevaa shati lake la pasi, suruali yake ya pasi, na kandambili za bafuni. Hakunyanyua miguu. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki alioubana kwapani kama ameuiba. Alimsalimia Msasa, akauliza hali, akauliza hali tena, kisha akakaa, bila kukaribishwa, kwenye kile kibao cha wateja ambacho hajawahi kukigusa kwa kalio lake.

Msasa aliuliza kama kuna usalama. Karani alisema usalama upo, ila kuna kajambo kadogo. Akatoa mfukoni kiatu kimoja cha kahawia. Cha kulia.

"Mwenzake amechukuliwa na mbwa," alisema. "Niliviacha mlangoni, asubuhi nakuta kimoja. Nikasema, shemeji yangu ni fundi, kwa nini niende mjini. Labda unaweza kunitengenezea kinachofanana. Au kama, kwa bahati, umekutana nacho mahali. Maana mbwa huzurura."

Dada yake alikuwa ametoka, amesimama mlangoni anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Msasa alikipokea kiatu, akakipima kwa macho, akagonga soli na kidole. Akaulizia huyo mbwa. Karani akasema ni mbwa tu, wa njiani, wa rangi rangi. Msasa akauliza kama ni mkubwa. Karani akasema wa kadiri. Jana alikuwa wapi? Nani, mbwa? Hapana, wewe. Karani akasema jana tumbo lilimkamata, hakutoka kitandani toka mchana, muulizeni jirani.

"Yule anayepiga wimbo wa tatu," alisema dada yake.

"Huyo huyo."

Msasa aliinama, akapapasa chini ya meza, akakiweka kile cha kushoto mezani, pembeni mwa cha kulia. Vikang'aa vyote viwili. Kuku alisogea kujitazama.

"Shemeji," alisema, na koo lilikuwa linakwaruza kuliko kwenye albamu, "huyo mbwa alikaa mstari wa ngapi?"

Karani alifungua mdomo. Alimtazama dada yake, akatazama paa lile lisilo na bati jipya, akazitazama kandambili zake. Akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayepandisha gunia ghorofani.

"Nilikulenga wewe," alisema. "Kikampata Pepopunda."